Chai Ilisimama, Pareto Ikaanguka: Somo la Kuanzisha Mradi Kutoka Nyamira

Ukiuliza mtandaoni vile watu huanzisha biashara, utajibiwa mambo matatu: tafuta mtaji, tafuta jina kali, fungua ukurasa. Ukiwa na bahati, mtu ataongeza "na umtangulize Mungu". Sawa, hayo yote ni mazuri. Lakini kuna darasa la bure la biashara limekaa hapa kwetu zaidi ya miaka 60 na wengi wetu hatujawahi kuliingia, kwa sababu tukiliangalia tunaona tu shamba la babu.

Simama hapa Ekerenyo uangalie upande wowote. Utaona ndizi, mahindi, mikaratusi, na katikati ya hayo yote, chai. Pengine utaona mikahawa michache imezeeka karibu na boma. Ukipanda juu kuelekea Nyansiongo na Keroka, wazee watakuonyesha mahali palipokuwa na maua meupe ya pareto, kisha pakabaki mahindi.

Kahawa, pareto, chai. Hiyo ni miradi mitatu ya biashara. Iliwafikia Abagusii walewale, kwenye vilima vilevile vya udongo mwekundu, wakinyeshewa na mvua ileile. Mmoja bado unalipa karo. Mmoja unasuasua. Mmoja ulikaribia kufa kabisa na sasa watu wanajaribu kuufufua. Kwa hivyo usiniambie tofauti ilikuwa bidii. Bidii ilikuwa moja. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa makubaliano: nani analipa, lini, kwa mali ya aina gani, na jina la nani limeandikwa wapi. Hayo mambo yakikaa vizuri mwanzoni, mradi huvumilia hata miaka mibaya. Yasipokaa vizuri, hata miaka mizuri huuficha tu ugonjwa.

Kabla ya wazungu: egesangio

Tuanze na mradi wa kienyeji kabisa. Wazee wetu walikuwa na egesangio. Kikundi kidogo cha majirani wanakubaliana kulimiana: leo tuko kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule wa ng'ambo ya mto. Hakuna pesa. Mtaji ni mikono na majembe.

Kwa nini ilifanya kazi? Kwa sababu zamu yako haikuwa mbali. Ulitoa jasho leo, na ndani ya siku chache ukaona shamba lako limelimwa. Asiyekuja alijulikana siku hiyohiyo, kwa sababu kikundi kilikuwa kidogo na kila mtu alimwona mwenzake. Hakukuhitajika mkaguzi wa hesabu. Hesabu ilikuwa machoni pa watu.

Shika hapo: kuona malipo mapema, na kuona nani anafanya nini. Tutarudi kwa hayo mawili.

Kahawa: mradi ulioanza na hofu

Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa. Walowezi walitoa sababu zao: ati mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa, ati kahawa yao itaibwa na kuchanganywa na ya wezi. Sababu ambayo hawakuipenda kuisema kwa sauti ni rahisi. Mtu akiwa na kahawa yake, nani ataenda kuwachumia wao?

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ilikubali majaribio katika sehemu tatu: Kisii, Meru na Embu. Angalia ramani. Zote ziko mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Haikuwa zawadi. Ilikuwa jaribio lililowekwa pembeni, na masharti juu yake.

Na hapa Gusii watu wengi hawakulikimbilia. Wewe ungekimbilia? Ilikuwa imepita miaka 25 hivi tu tangu 1908, mwaka ambao Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni, na jeshi likaja kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Sasa serikali ileile inakuja na miche inasema, pandeni, mtatajirika. Wengi waliogopa kwamba ardhi ikishakuwa na zao la mzungu, mzungu ataifuata. Waliothubutu mapema walikuwa watu kama Chifu Musa Nyandusi, baba yake Simeon Nyachae. Chifu alikuwa na ardhi, na alikuwa karibu na serikali. Angeweza kubeba hasara. Mtu wa kawaida hangeweza.

Hili ni jambo ambalo wanaouza semina za ujasiriamali hawalisemi: wanaoingia kwanza mara nyingi si majasiri kuliko wewe. Wana tu mahali pa kuangukia.

Baadaye hofu iliisha, kahawa ikashika, sosaiti zikafunguliwa, na watoto wakasomeshwa. Kenya nzima ilifika takriban tani 128,000 msimu wa 1987/88. Kisha Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa soko la kahawa kwa viwango ukavunjika, na bei ikaporomoka dunia nzima. Miaka hii nchi hutoa kama tani 50,000 tu.

Unaweza kusema, hiyo ni bei ya dunia, mkulima wa Nyamira angefanya nini? Ni kweli. Lakini bei mbaya ilikuta nyumba ambayo tayari ina nyufa. Kahawa ya mkulima ilipitia kwa sosaiti, kwa mwenye kinu, kwa wakala wa soko, kwa mnada, na kila mmoja alikata chake. Mkulima alikuja kulipwa miezi mingi baadaye, na karatasi yenye makato ambayo hakuwepo yakipangwa. Bei ikiwa juu, hakuna anayeuliza. Bei ikishuka, ndipo watu wanagundua sosaiti ina madeni waliyoyajua wachache. Kikundi kimekuwa kikubwa mno, na hesabu haiko tena machoni pa watu.

Pareto: mnunuzi mmoja, halafu kimya

Pareto ndiyo hadithi inayoniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa na kila kitu ambacho mfanyabiashara huota.

Maua yake yana sumu ya kuua wadudu ambayo dunia inaitaka. Hustawi mahali palipoinuka na penye baridi, kwa hivyo si kila mtu anaweza kulima. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa namba moja duniani na iliuza sehemu kubwa ya pareto yote iliyotumika. Msimu wa 1992/93 nchi ilitoa takriban tani 18,000 za maua makavu, na vilima vya Kisii na Nyamira vilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa. Maua yalichumwa kila baada ya wiki chache, yakakaushwa juani, yakapelekwa kwa sosaiti, kisha kwa Bodi ya Pareto huko Nakuru.

Tatizo lilikuwa hapo mwishoni. Bodi ndiyo ilikuwa mnunuzi pekee kwa mujibu wa sheria. Bodi ndiyo ilipima nguvu ya sumu kwenye maua yako na kuamua utalipwa ngapi. Bodi ndiyo ilipanga utalipwa lini. Yaani mtu mmoja ndiye mnunuzi, ndiye mizani, ndiye mweka hazina. Akiwa sawa, wote mko sawa. Akiyumba, huna pa kwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bodi iliyumba. Malipo yakachelewa miezi, kisha miaka. Mama aliyekausha maua yake juu ya magunia akangoja, akangoja, kisha akafanya kitu cha busara kabisa: aling'oa. Nchi nzima iling'oa. Uzalishaji ukashuka kutoka maelfu ya tani hadi mamia, na Australia, kupitia kisiwa cha Tasmania, ikachukua nafasi yetu. Sheria mpya ya mwaka 2013 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, lakini kufikia hapo vijana wengi wa Nyamira hawakuwahi hata kuliona ua lenyewe.

Soko la dunia lilikuwa bado lipo. Wateja walikuwepo. Bidhaa ilikuwa bora. Mradi ulikufa kwa sababu pesa ziliacha kumrudia anayefanya kazi. Hebu isome tena hiyo sentensi kama una kikundi cha wasee wanne na mmoja ndiye anashika simu yenye pesa.

Chai: walipanga kwanza kiwanda, kisha tabia

Chai nayo ilikuwa marufuku kwa Mwafrika. Kampuni kubwa zilipanda Kericho na Limuru tangu miaka ya 1920, na mlango wa mkulima mdogo ulifunguka kidogo tu baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati kule Nyeri, kilianza 1957. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia hayo mazao maalum, na Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, ikazaliwa KTDA. Ilianza na wakulima karibu 20,000. Leo wanazidi 600,000.

Wakati ule wataalamu wengi hawakuamini. Chai ni zao la mashamba makubwa, walisema. Mkulima mwenye nusu ekari atachuma ovyo, majani yatachelewa, kiwanda kitakula hasara. Na kusema ukweli, walikuwa na hoja. Jani la chai likishachumwa linaanza kuharibika, linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo. Sasa chukua maelfu ya watu wenye vishamba vidogo kwenye vilima visivyo na barabara, uwaambie wapeleke majani mahali pamoja kabla ya jua kuzama. Huo ni wazimu, usipopanga.

Wao walipanga. Angalia vile walivyofanya.

Kwanza, hawakuwaambia watu wapande tu. Miche ilitoka kwenye vitalu vya mradi, na upandaji ulienda na hesabu ya kiwanda: ekari zinazotosha kulisha kiwanda, ndipo kiwanda kinajengwa. Pale ambapo kiwanda kilikuwa bado, majani ya wakulima wadogo yaliweza kupelekwa kwa kampuni kubwa kwanza. Yaani mnunuzi alijulikana kabla ya mche kuingia ardhini.

Pili, mkulima hakuhitaji kuwa tajiri. Angeweza kupata miche kwa mkopo, na deni likakatwa kidogo kidogo kwenye majani yake baadaye. Chai huchukua kama miaka mitatu kabla hujaanza kuchuma vizuri. Katika hiyo miaka mitatu alikuwa na mahindi na ndizi zake. Hakuna aliyeambiwa ang'oe chakula.

Tatu, sheria ya ubora ilikuwa fupi hadi mtoto angeikariri: majani mawili na chipukizi. Karani kwenye kituo anamwaga majani yako mezani, anaangalia, ya kukomaa anayatoa. Unaweza kumnunia, lakini jirani yako naye anatolewa. Ubora ulilindwa mlangoni, mbele ya watu wote, kabla mali haijachanganyika na ya wengine.

Nne, pesa zilikuja kwa njia mbili. Kidogo kila mwezi, kisha bonasi mwisho wa mwaka baada ya chai kuuzwa mnadani Mombasa. Hapa ndipo mimi naona akili kubwa kuliko zote. Ile ya mwezi inanunua sukari na sabuni, inakufanya usikate tamaa. Ile ya mwaka inajenga nyumba na kulipa karo. Pareto ilimwacha mtu akingoja bila kujua. Chai ilimpa sababu ya kurudi shambani Jumatatu.

Tano, walikubali kwamba hawajui. Fedha za kuanzia zilikopwa, zikiwemo za Benki ya Dunia na za CDC, shirika la serikali ya Uingereza. Na viwanda vya mwanzo vilisimamiwa na kampuni zilizokuwa na uzoefu wa chai, huku watu wa KTDA wakijifunza mpaka wakashika wenyewe. Hawakuona aibu kumlipa anayejua.

Ndiyo maana leo una Nyankoba, Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Gianchore na Tombe, viwanda vilivyosimama kwenye kaunti moja ndogo. Bei imepanda na kushuka mara ngapi? Serikali zimebadilika mara ngapi? Majani bado yanachumwa.

Ufa ambao chai ilizaliwa nao

Lakini nisiwauzie hadithi tamu tupu. Chai nayo ilianza na makosa, na hayo makosa hatujayamaliza.

La kwanza ni jina. Kila mkulima alipewa nambari, na nambari iliandikwa kwa mwenye shamba. Mwenye shamba kwenye karatasi, mara nyingi, alikuwa mzee. Anayeamka saa kumi na moja na kikapu mgongoni, mara nyingi, alikuwa mama. Mzee ndiye aliyepokea bonasi. Nyumba ngapi hapa zimegombana mwezi wa bonasi? Na mzee akifa, vijana wanne wanagombania nambari moja na vishina vya robo ekari. Swali la "hii ni ya nani" halikuulizwa vizuri mwanzoni, na kila kizazi kinalilipia.

La pili ni sauti. Mwaka 2000 KTDA ilitoka mikononi mwa serikali, ikawa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Kwa karatasi, mkulima ni mwenye mali. Lakini mwenye mali ambaye hajui chai yake imeuzwa bei gani ni mwenye mali wa aina gani? Malalamiko yalirundikana hadi ikaja Sheria ya Chai ya 2020, na mwaka 2021 serikali ikaingilia uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda. Moja ya vita ilikuwa hesabu ya kura: uzito uwe kwa wingi wa hisa, au kila mkulima kura moja? Hilo ni swali la siku ya kwanza. Liliulizwa kwa kelele zaidi ya nusu karne baadaye. Na hadi miaka hii, mkulima wa upande wetu wa Bonde la Ufa akiona bonasi yake ni ndogo kuliko ya mwenzake wa mashariki, anaandamana kwa sababu maelezo anayopewa hayamtoshi.

Msingi mzuri uliifanya chai iishi. Maswali yaliyorukwa ndiyo yanayoisumbua. Yote mawili ni kweli.

Kwale, na miche ya leo

Kuna wanaosema hiyo ni historia ya wazee. Haya, mnakumbuka kwale? Kati ya 2013 na 2014 nchi ilipagawa na wale ndege wadogo. Ati yai moja shilingi 100, ati linatibu kila kitu. Watu walikopa, wakatafuta leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wakajenga vibanda. Muda mfupi baadaye mayai yalikosa wa kuyachukua.

Jiulize nani alikuwa mnunuzi. Wengi walionunua yai kwa bei ile hawakutaka kula. Walitaka kuanguliwa kifaranga ili nao wauzie mwingine anayeanza. Mteja wa mradi alikuwa mtu mwingine anayeingia mradini. Waanzaji walipoisha, soko likaisha. Wa mwisho kuingia ndio walioshika vibanda.

Sasa hapa kwetu kuna miche ya avokado, kuna kuku wa kuboreshwa, kuna kila aina ya "fursa" inayopitishwa kwenye vikundi vya simu. Sisemi ni mbaya. Avokado inaliwa, na inauzwa nje kweli. Nasema tu, anayekuuzia mche amelipwa siku ya kukuuzia. Wewe utalipwa na nani, baada ya miaka mingapi, na ataikataa avokado ya aina gani? Kama aliyekuuzia hawezi kujibu, hajakuuzia mradi. Amekuuzia mti.

Kwa hivyo, kabla hujaanza

Usinielewe vibaya. Chai ilikuwa na serikali na mamilioni ya mkopo nyuma yake. Wewe una simu, wasee wawili na elfu saba. Lakini maswali ni yaleyale, na kuuliza ni bure.

Nani ananunua, na je, ananunua kutumia au ananunua kuuzia mwingine anayeanza? Nani ana ruhusa ya kukataa kazi mbaya, hata ikiwa ni ya rafiki? Pesa zitarudi kwa anayefanya kazi baada ya muda gani, na atakula nini kabla ya hapo? Nani mwingine anaona hesabu? Mmoja akitaka kutoka, anatoka na nini?

Halafu lile ambalo chai ilirukia: jina la nani limeandikwa?

Vijana wengi wanaanza kinyozi, studio, duka la nguo za mitumba au uundaji wa video wakiwa watatu, na namba ya till imesajiliwa kwa mmoja. Wanaona aibu kuuliza, kwa sababu ni marafiki, na kuuliza inaonekana kama kutoaminiana. Pesa zikiwa kidogo hakuna shida. Zikianza kuingia za maana, ndipo mnagundua kwamba wawili wenu mlikuwa wachumaji na mmoja ndiye mwenye nambari.

Wenye egesangio hawakuona aibu. Walisema wazi, leo kwako, kesho kwangu, na wakabaki majirani. Kwa hivyo wiki hii, kabla ya nembo na kabla ya fulana, kaeni chini nyinyi watatu na karatasi moja. Andikeni. Kila mtu atie sahihi, kila mtu apige picha abaki nayo. Itawachukua nusu saa na pengine mtanuniana kidogo. Mkishindwa kuimaliza hiyo nusu saa, basi mmejua mapema, na hamjapoteza hata shilingi.